Filta yenye mafuta haizuii maji: dhana potofu kuhusu inteki na mvua za Mwanza

Vuli ikishika kasi, magari yanaanza kuletwa gereji yakivutwa kwa kamba kutoka Mabatini na Mkuyuni, na maneno ya wenyewe ni yale yale: "Fundi, mbona inteki yangu ni ya sporti? Filta yake ina mafuta, maji hayapiti." Inteki ni bomba na filta ya kuingizia hewa kwenye injini; ya sporti ni ile inayofungwa badala ya boksi la kiwandani. Maneno hayo nimeyasikia mno. Wengi wanayasema wakiwa wameshapoteza injini, na aliyewauzia inteki ndiye aliyewaambia hivyo. Nayaandika hapa ili anayefikiria kufunga inteki au aliyekwisha kuifunga ajue kabla mvua haijamkuta barabarani.

"Filta ina mafuta, tena nimeivalisha soksi, maji hayapenyi"

Mafuta yale ni ya vumbi. Pamba ya filta hizi ina matundu makubwa kuliko karatasi ya kawaida, ndiyo maana inapakwa mafuta ili vumbi linase. Maji ni habari nyingine kabisa. Ile soksi nyeusi, yaani kitambaa kinachovalishwa juu ya filta, ina kazi yake halali: inafukuza matone yanayorushwa na tairi au yanayopenya kwenye grili ukiwa mwendoni. Nunua, naiunga mkono. Ila kitambaa kinachoruhusu hewa ya injini nzima ipite hakiwezi kuzuia maji kikizamishwa.

Tupige hesabu. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta karibu lita 2,500 za hewa katika dakika hiyo, yaani zaidi ya lita 40 kila sekunde. Maji yakiziba mdomo wa inteki, injini haiachi kuvuta. Mvuto unaongezeka, na maji yanapanda kwenye bomba kama soda kwenye mrija. Kwa hiyo na wewe unayesema bomba lako linapinda na kupanda hadi juu ya injini, jua kwamba nusu mita ya kupanda haiisumbui injini hata kidogo.

Sasa yakifika ndani. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Silinda ya mililita 500 yenye kompresheni ya 10 kwa 1 inabakiza nafasi ya mililita 55 hivi pistoni ikifika juu kabisa. Hivyo ni kama vijiko vinne vya chakula. Maji yakizidi hapo pistoni inagota, krankishafti bado inasukuma, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankishafti. Dizeli zina hatari zaidi, maana kompresheni yake ni kubwa na nafasi inayobaki ni ndogo zaidi.

Konrodi ikipinda si lazima gari lizimike moja kwa moja. Kuna magari yanakaushwa, yanawashwa, yanaondoka, mwenye gari anashukuru Mungu. Kinachobaki ni mtetemo kidogo na nguvu iliyopungua. Ukifungua silinda hedi ndipo unaona: kwenye silinda zilizo nzima ule utepe mweusi wa kaboni juu ya ukuta ni mwembamba, na kwenye silinda iliyokunywa maji utepe ni mpana, kwa sababu pistoni haifiki tena ilipokuwa inafika. Konrodi yenyewe ukiilaza kwenye meza bapa inayumba. Ukiendelea kuliendesha hivyo, siku moja konrodi inakatika na kutoboa bloku, na hapo hatuzungumzii tena kufungua injini, tunazungumzia kununua nyingine. Na kama una ile bima ndogo, haikulipi gari lako mwenyewe.

Kosa kubwa basi liko kwenye mahali filta ilipo. Boksi la kiwandani lina mdomo uliowekwa juu, mara nyingi usawa wa taa au karibu na boneti, na chini yake kuna tundu la kutolea maji yaliyojipenyeza. Wewe umelitoa, ukafunga bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa kufuata hewa ya baridi. Hewa ya pale ni baridi kweli, sibishi. Lakini chukua futi, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa filta. Namba utakayoipata ndiyo kina cha maji kinachoua injini yako, na ukweli ni kwamba hata nusu yake haina usalama, kwa sababu lori au daladala likikupita linasukuma wimbi.

Na Mwanza yetu imekaa juu ya miamba. Mvua ikipiga vilimani maji hayana pa kuzama, yanashuka na mchanga, Mto Mirongo unajaa, na barabara uliyopita kavu ukienda mjini unaikuta mto ukirudi. Maji yenyewe ni ya udongo, mtaro na shimo huvioni.

Ushauri wangu, na siuachi: boksi la kiwandani usiliuze. Lirudishe Oktoba kabla vuli haijakolea, na masika vivyo hivyo. Unapoteza mlio tu. Ukikataa kabisa, angalia bomba lako: inteki nyingi ndefu zimegawanyika vipande viwili. Toa kipande cha chini, funga filta kwenye kile cha juu ibaki chini ya boneti, kaza klipu vizuri. Sensa ya hewa kwa kawaida iko kwenye kipande cha juu, haiguswi.

"Likizima majini, piga starta haraka utoke"

Hapana, hapana, hapana. Gari likizima lenyewe ndani ya maji, huenda silinda zimekunywa lakini konrodi bado ni nzima. Starta ndiyo inayomaliza. Kulisukuma likiwa kwenye gia ya pili ili liwake ni hatari ile ile. Zima swichi, weka nyutro, tafuta vijana wakusukume hadi pakavu, fungua filta. Ikiwa imelowa na bomba lina maji ndani, fundi atoe plagi zote, azime injekta na koili, ndipo azungushe injini maji yaruke nje. Kwenye dizeli ni injekta au plagi za joto zinazotolewa. Kisha chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka nyeupe, imwagwe kabla injini haijawaka.

"Nikipita kwa kasi maji hayapati muda wa kuingia"

Kasi inainua wimbi mbele ya bampa, pale pale filta yako ilipo, na kukanyaga mafuta kunaongeza mvuto. Kama ni lazima upite, nenda polepole, mwendo mmoja, ukiwa umewaacha wengine wapite kwanza.

"Basi mvua ikinyesha nifunge filta na mfuko"

Hawa wamekimbilia upande wa pili. Manyunyu hayaui injini. Kuna magari, mfano BMW M4 GTS ya 2016, yanayopuliziwa maji kwa makusudi kwenye njia ya hewa ili kupunguza joto. Yanapuliziwa kama ukungu uliopimwa, na matone machache ya mvua nayo huwa mvuke. Mfuko wa plastiki, mbali ya kwamba umepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, unainyima injini hewa, na ukichanika unavutwa ndani.

"Nimefunga snokeli, naweza kuingia ziwani"

Snokeli, lile bomba la hewa linalopanda nje ya gari hadi usawa wa paa, inapandisha mdomo, na hilo ni jema. Lakini nyingi ninazoziona zimefungwa na viungo visivyo na silikoni, na tundu la chini la boksi limeachwa wazi, kwa hiyo maji yanaingilia mlango wa chini kama kawaida. Difu na gia boksi nazo zina vipumulio vyake, yaani vitundu vya kupitishia hewa, na hivyo viko chini.

"Kuosha injini kwa presha hakuna shida, mvua mbona inanyesha"

Mvua haimwagiki kwa presha ya pampu kutoka nusu mita. Filta ya wazi ivuliwe au ifunikwe vizuri wakati wa kuosha, injini ikiwa imezimwa, na ifunuliwe kabla ya kuwasha. Simama na kijana anayeosha umwonyeshe filta iko wapi.