"Uliokoka Lini?" Uhakika wa wokovu na namna ya kujijaribu katika imani

Mama mmoja wa kwaya alinisubiri nje ya ofisi ya usharika baada ya ibada ya pili. Wiki ile kulikuwa na mkutano wa injili kwenye uwanja wa shule, naye alikuwa amepita mbele kuongozwa sala ya toba. "Baba mchungaji," akaniambia, "hii ni mara ya saba. Kila mhubiri akija napita. Nikifika nyumbani sijui kama safari hii imeshika. Nirudie tena?"

Nimefundisha Agano Jipya na Kigiriki chake kwa miaka mingi, na swali hilo nimelisikia kwa sauti nyingi: kwa watoto wa kipaimara, kwa wazee walio kitandani, kwa wanafunzi wa theolojia ambao hufunga mlango kwanza ndipo waseme. Nimeona niandike kwa utaratibu, kwa sababu majibu mafupi ninayotoa mlangoni mwa kanisa hayatoshi.

Huku kwetu Kagera swali la wokovu lina historia yake. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, walikutana Kampala, wote wawili wakiwa na kiu, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni ya Kianglikana, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka. Josiah Kibira, askofu wetu wa Bukoba ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Na bibi yangu vilevile. Alirudisha jembe la jirani aliloficha miaka minane, akalia mbele ya mwenye jembe, na tangu siku hiyo nyumba mbili zilizokuwa hazisalimiani zikaanza kuombana moto na chumvi. Kwa hiyo sina neno baya juu ya uamsho. Umenilea.

Lakini kitu kimoja tulichorithi kimegeuka mzigo. Ushuhuda ulikuwa na umbo lake: Bwana asifiwe, naitwa fulani, nimeokoka tarehe fulani, mahali fulani. Kwa aliyeguswa siku moja barabarani kama Paulo, umbo hilo lilikuwa kweli tupu. Kwa watoto na wajukuu wao, waliolala na kuamka katika nyimbo za wokovu, likawa mtihani. "Uliokoka lini?" Asiye na tarehe akajiona hana wokovu. Akaanza kuitafuta tarehe, mkutano baada ya mkutano.

Hebu tuitazame lugha yetu wenyewe, maana inatufundisha kuliko tunavyodhani. Tunasema *nimeokoka*, na tunasema *nimeokolewa*. Neno la kwanza halimtaji mtendaji. Kitu kimetokea, nami niko salama, basi. La pili halikuachi ukae kimya: umeokolewa na nani? Mtu wa Bukoba akisikia "aliokoka", moyo wake huenda tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya ndugu zetu wakafa. Tunasema wachache waliokoka. Lakini wengi wa wachache hao walivutwa kutoka majini na mikono ya watu wengine. Hakuna aliyewauliza kama walikumbuka saa waliyoshikwa, wala kama waliushika vizuri mkono uliowashika.

Paulo kwa Waefeso anatumia neno hilo la pili: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani" (2:8). Kigiriki chake ni tendo lililokamilika ambalo hali yake inaendelea hadi sasa, na kiambishi chetu *-me-* kinalibeba vizuri ajabu. *Nimekaa* maana yake niko kitini hata sasa. Kwingine anasema tuliokolewa kwa taraja (Warumi 8:24), kwingine sisi tunaookolewa (1 Wakorintho 1:18), kwingine tutaokolewa na ghadhabu (Warumi 5:9). Nyakati zote zimo. Swali la "lini" linashika *-li-* peke yake na kuziacha nyingine nje. Swali la Maandiko kwa mtu mwenye hofu ni la leo: unamtegemea nani sasa hivi?

"Lakini mchungaji, Biblia imesema tujijaribu!" Imesema. Mstari unaonukuliwa ni 2 Wakorintho 13:5: "Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani, jithibitisheni wenyewe." Nimewahi kuhudhuria mkutano ambako mhubiri aliusoma mara nne, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, mpaka watu waliokuja na amani wakaondoka bila amani. Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Wakorintho walikuwa wamemweka Paulo kizimbani. Walisema nyaraka zake ni nzito lakini akija mwenyewe ni dhaifu (10:10), na sasa walidai dalili kwamba Kristo anasema ndani yake (13:3). Paulo anawageuzia mizani. Katika Kigiriki neno "ninyi wenyewe" limetangulizwa mbele ya kitenzi: *ninyi wenyewe* jijaribuni, mnaonijaribu mimi! Kisha anauliza, "Au hamjijui wenyewe, kwamba Yesu Kristo yu ndani yenu?" Na katika mstari wa 6 anatumaini watatambua ya kuwa yeye naye hakukataliwa. Mwone anavyojenga hoja. Injili waliipokea kwa mdomo wake. Kama Kristo yumo ndani yao, basi aliyemleta hakuwa mtume bandia. Hoja nzima inasimama tu ikiwa Wakorintho wamo katika imani kweli. Paulo anategemea wafaulu!

Neno lililotafsiriwa "jithibitisheni" lilitumika kwa kupima madini na fedha, kuona kama ni halisi. Sonara haweki dhahabu motoni kwa sababu anaichukia. Anataka ijulikane ni dhahabu. Na ona jambo lingine ambalo Kiswahili kimelitunza: *jijaribuni*, kwa wingi. Paulo analiambia kanisa, watu wanaojuana, na halazimishi mtu kujifungia peke yake usiku kuchimba moyo wake mpaka apate giza.

Hata hivyo mlango wa onyo uko wazi: "isipokuwa mmekataliwa". Sura moja kabla, Paulo anahofia atawakuta watu waliotenda dhambi wasiotubu (12:21). Kipimo ni cha kweli. Lakini kinachopimwa ni kama Kristo yumo. Nguvu za imani, wingi wa machozi, joto la siku ile, hayo hayakuulizwa.

Hisia zina kawaida ya kutuangusha hapa. John Wesley, ambaye Wamethodisti duniani huikumbuka tarehe yake, alikaa katika kikutano kidogo London jioni ya 24 Mei 1738, akasikia ukisomwa utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi, akaona moyo wake ukipata joto kwa namna asiyoizoea. Tarehe ipo, mahali papo, hata saa aliiandika. Tarehe 4 Januari 1739, miezi saba na siku chache baadaye, aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Sababu? Alitafuta ndani yake upendo, amani na furaha ya Roho, akaona havimo. Kisha akaendelea kuhubiri zaidi ya miaka 50. Namtaja kwa heshima kubwa. Ikiwa tarehe ile haikumtuliza Wesley hata mwaka mmoja, mama wa kwaya asishangae kwamba tarehe saba hazimtulizi.

Makanisa hayajasema jambo hili kwa sauti moja. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki mwaka 1547 ulifundisha kwamba mtu hawezi kujua kwa uhakika wa imani usioweza kukosea kwamba amepata neema ya Mungu, ingawa sura hiyohiyo ya tamko inasema mcha Mungu asiwe na shaka juu ya huruma ya Mungu na stahili za Kristo. Ndugu zangu wa Kipresbiteri, katika Ungamo la Westminster la mwaka 1646, sura ya 18, wanasema mwamini anaweza kuwa na uhakika kamili, lakini wanaongeza kwamba muumini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na mengi kabla ya kuupata. Sentensi hiyo nimewasomea wagonjwa, nami ni Mlutheri. Inawapa watu ruhusa ya kuwa watoto wa Mungu wakiwa bado wanatetemeka.

Luther mwenyewe aliujua mtetemeko huo. Alipokuwa mtawa akiungama kwa saa nyingi na kuhangaikia kama amechaguliwa, mlezi wake Staupitz alimwelekeza ayatazame majeraha ya Kristo. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 anatufundisha tusemeje dhambi na dhamiri zinapotusonga: lakini nimebatizwa! Ni *-me-* tena. Hakuitumia kama kinga ya uzembe. Aliishika kwa sababu ni ahadi iliyosemwa na Mungu kwake, kutoka nje ya moyo wake.

Sasa nirudi kwenye kujijaribu, kwa maana wapo wanaohitaji kujijaribu sana na hawataki. Namkumbuka mzee mmoja aliyejua tarehe na saa aliyookoka, aliyeshuhudia karibu kila wiki, na ambaye kwa miaka kumi na moja hakusema neno na ndugu yake wa tumbo moja kwa ajili ya mpaka wa kibanja. Huyo sikumfariji. Nilimsomea 1 Yohana 3:14: "Sisi tunajua ya kuwa tumepita kutoka mautini kuingia uzimani, kwa maana twawapenda ndugu." Alikasirika. Nilimwacha akasirike, maana mstari ule ulikuwa dawa yake.

Waraka huohuo ndio niliompa mama wa kwaya, lakini kwa yeye nilianzia kwingine. Yohana anasema aliandika "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele" (5:13). *Mjue.* Anataja alama: kumwamini Mwana, kuwapenda ndugu, kuzishika amri. Kisha, akijua kwamba watu wapole wataziinua alama hizo kama fimbo ya kujipigia, anaandika kwamba hata mioyo yetu ikituhukumu, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote" (3:20). Moyo wako ni shahidi tu, hakimu ni mwingine.

Kwa hiyo ninapomsaidia mtu kujijaribu namuuliza mambo mawili. La kwanza: ukisimama mbele za Mungu leo, utamtegemea nani? La pili: kuna dhambi unayoilinda? Sisemi dhambi unayopigana nayo, maana huyo anayepigana yuko hai. Nasema ile uliyoipa chumba, unayoitetea, usiyotaka iguswe. Mzee wa kibanja alikuwa nayo. Mama wa kwaya hakuwa nayo. Alikuwa na hofu.

Na wapo ambao hofu hiyo ni ugonjwa. Mshairi Mwingereza William Cowper, aliyeandika nyimbo za kanisa zinazoimbwa hadi leo na aliyekuwa rafiki wa mchungaji John Newton, aliugua vibaya mwaka 1773, na kwa sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 1800, aliamini Mungu amemkataa. Hoja nzuri hazikumponya. Mtu asiyelala, asiyekula, anayerudia toba mara thelathini kwa siku, msindikize hospitali huku unamwombea. Usimwambie hana imani.

Mama yule nilimwambia asipite mbele mara ya nane. Nilimwambia Jumapili ijayo aje kwenye Meza ya Bwana, na nikimpa mkate asikie neno "kwa ajili yako". Tuliomba pale pale kwa sala ya yule baba katika Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha baba yule nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto wake.

Jumapili ile alikuja, mikono yake ikitetemeka. Hata sasa, miaka imepita, kuna wakati hunivuta pembeni baada ya ibada na kuniuliza, "Baba mchungaji, bado inasema vilevile?" Namfungulia Yohana 6:37, naye husoma mwenyewe, kwa sauti: "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe."