4,294,967,297: namba iliyodhaniwa kuwa tasa

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Ni 2³² ukiongeza 1. Inaishia na 7, basi ni witiri, na 5 haiigawanyi. Tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 59, kwa hiyo 3 nayo haimo. Kuanzia hapo kazi inakuwa nzito. Kipeuo chake cha pili kinapita 65,536 kidogo tu, na chini ya hapo kuna namba tasa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) 6,542 za kujaribu moja moja.

Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa ni tasa. Mwaka 1640 aliandika kuhusu mfuatano wa 3, 5, 17, 257 na 65,537, unaopatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2¹, 2², 2⁴, 2⁸ na 2¹⁶. Zote tano ni tasa. Namba yetu ndiyo ya sita, naye akaona mtindo utaendelea. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa 641 inaigawanya bila baki.

Aliifikiaje 641? Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Masharti hayo yanafagia karibu kila kitu. Zinazosalia mwanzoni ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: jaribio la tano tu!

Hata kugawanya kwenyewe si lazima, na hapa ndipo ninapopenda kukaa na wanafunzi. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Ukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ibadilishe, unapata −2³² sawa na 1, yaani 2³² + 1 haibakizi kitu.

Kigawo kingine ni 6,700,417, nacho ni tasa. Basi namba yetu ina vigawo vinne tu, na ukiiondoa yenyewe, vilivyobaki vinajumlisha 6,701,059. Jumla hiyo ni ndogo mno kuifikia, hivyo namba yetu inaingia kundi la namba pungufu.

Euler alijua pia kwamba namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia zaidi ya moja. Hii ina njia mbili: 65,536² + 1², na 62,264² + 20,449². Anayeziona zote mbili anajua si tasa, hata kama hajawahi kusikia habari za 641.