Mafunzo tu hayatoshi, na mtoto anabaki na nani?

Nimepitia maombi mengi ya ruzuku za wanawake kwa miaka sasa, na karibu yote yanaomba mafunzo. Ujasiriamali, uongozi, siku ya mwisho vyeti na picha ya pamoja. Sio vibaya, ila mwanamke wa kipato cha chini mara nyingi haangushwi na kukosa ujuzi, anaangushwa na pigo moja: mtoto kaumwa, kodi imefika, mume kaondoka, na mtaji wote unaliwa ndani ya wiki. Ndo maana mi nikiongelea usalama wa kiuchumi siangalii tu anaingiza shilingi ngapi, naangalia akipata pigo kama hilo anaweza kusimama bila kuuza kifaa chake cha kazi.

Halafu kuna suala la muda. Shirika la Kazi Duniani (ILO) kwenye ripoti ya 2018 lilisema wanawake wanafanya asilimia 76.2 ya kazi zote za malezi na nyumbani zisizolipwa. Sasa unamwita huyo huyo kwenye semina ya kutwa nzima, hakuna pa kumwacha mtoto, hakuna nauli, asipotokea unaandika kwenye ripoti "mwitikio mdogo". Mwitikio gani jamani?

Hapo ndo mifuko ya jamii (ile ya kutoa ruzuku kwenye mji au eneo fulani, sio ya hifadhi ya jamii) ingetakiwa kung'aa, maana pesa inachangwa na watu wa pale pale na wanaoamua wanaijua hali. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, 1914, na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki, ambaye alichoshwa kuona pesa za wosia zimefungwa kwenye malengo ya watu waliokufa zamani wakati mahitaji yameshabadilika, akataka kamati ya watu wa mji iwe na nafasi ya kuamua upya. Cha kuchekesha leo tunafungwa na walio hai! Bajeti ikishaandikwa vyerehani basi ni vyerehani, hata kama kina mama wenyewe wanasema tupeni mtu wa kulea watoto na mfuko mdogo wa dharura, na wenyewe kwenye kamati hawamo.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kusaidia vikoba na vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo ule ambao shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991 unasimama kwa sababu pesa kwenye sanduku ni ya wanachama wenyewe, kila mtu anaikumbuka na anaidai. Ukimwaga pesa ya nje mle ndani urejeshaji unalegea, "si ya wafadhili bwana". Lipia mwezeshaji, madaftari, sanduku lenyewe, ya ndani waachie.

Na wasichana usiwape tu mradi wa mama zao uliopunguzwa. Utafiti wa shirika la utafiti la Population Council huko Uganda uliona wasichana waliopewa akaunti ya akiba peke yake, bila kikundi wala mtu mzima wa kuwasimamia, walisumbuliwa kingono zaidi kuliko mwanzo. Pesa bila ulinzi inaweza kumweka hatarini. Kwahiyo mradi ukija na akaunti tu mi nawarudishia waongeze mlezi na mahali salama pa kukutana, hata kama idadi ya wasichana itabidi ishuke nusu na mfadhili anune.