Kwa nini mche wa nyanya hufukiwa mpaka karibu na majani?

Ukipita jioni penye shamba linalopandikizwa nyanya huko Malindi, huenda ukashangaa. Mche wenye urefu wa shubiri moja unakatwa majani ya chini, unatiwa shimoni, kisha karibu nusu ya shina inafukiwa. Mimea mingi ikifanyiwa hivyo huoza shina. Mbona nyanya hustawi?

Ni kwa sababu shina lake linaweza kuota mizizi. Ndani yake mna seli ambazo, zikipata giza na unyevu, huanza kuunda mizizi kwa msaada wa oksini, homoni inayoshuka kutoka kwenye ncha ya mmea. Jamaa zake wa porini, huko magharibi mwa Amerika Kusini, hutambaa ardhini, na shina likilalia udongo wenye unyevu huota mizizi papo hapo. Wengi hudhani ni vile vinyweleo vya shina vinavyogeuka mizizi. Sivyo. Vinyweleo huukinga mmea na wadudu, na ndivyo vinavyoacha ile harufu kali mikononi. Mizizi hutokea kwenye vivimbe vidogo unavyoviona kwenye shina lililokomaa, karibu na ardhi.

Kwa mchanga wa pwani, hili ni jambo kubwa. Juu hukauka upesi, hasa Kaskazi inapovuma, lakini ukichimbua kidogo unakuta ubaridi. Mche uliong'olewa kitaluni umepoteza vizizi vyake vyembamba vya kunyonyea maji, huku majani yakiendelea kupoteza maji kama kawaida. Ndiyo maana hunyauka, na ndiyo maana hupandwa jioni. Mizizi mipya ya shina hulijaza pengo hilo, tena kule chini kwenye unyevu.

Kazi yenyewe huanzia kitaluni. Mbegu husiwa kina cha sentimita 1 hivi, na kwa joto la pwani huota ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Makuti ya kivuli yakiachwa muda mrefu, miche hukimbilia mwanga na kurefuka, ikawa miembamba na milegevu. Kuifukia kwa kina huiokoa, lakini mimi naona ni bora makuti yapunguzwe mapema. Ikifika wiki 3 hadi 4, na majani halisi 4 au zaidi, iko tayari. Siku chache kabla ya hapo ipunguziwe maji na izoeshwe jua.

Penye udongo mzito unaotuamisha maji, usichimbe sana, maana mizizi inahitaji hewa. Laza shina kwenye mfereji mfupi, kichwa kibaki nje.

Mche uliounganishwa juu ya shina la mmea mwingine linalostahimili mnyauko wa bakteria haufukiwi hivi kabisa. Kiungo lazima kibaki juu ya ardhi. Kikifunikwa, nyanya ya juu huota mizizi yake yenyewe na ugonjwa ulioko udongoni hupata pa kuingilia.