Tapeti ngumu au za haidroliki? Maneno ya gereji na ukweli wake

"Unataka gari likimbie? Weka kamshafti ya tapeti ngumu." Ukizunguka gereji za mitaa ya Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, ushauri huu utaupata bure. Shida yake ni kwamba unachanganya vitu viwili: umbo la kamshafti (shafti yenye vinundu inayofungua valvu), na aina ya tapeti inayoifuata, yaani kipande kinachopeleka msukumo wake kwenye valvu. Tapeti ngumu haijirekebishi; ya haidroliki hujirekebisha kwa oili.

"Tapeti ngumu ni za mashindano, za haidroliki ni za teksi." Land Cruiser za injini ya 1HZ, zile zinazopeleka wafanyakazi migodini, zina tapeti ngumu zenye shimu (visahani vya kurekebishia uwazi, ile nafasi ndogo inayoachwa kabla valvu haijaguswa). Corolla ya injini ya 4A-FE vilevile. Na anayeshauriwa aziweke kwenye injini yake ya Toyota 1JZ, ajue imetoka nazo kiwandani. Kinyume chake, Corvette Z06 ya mwaka 2006, yenye injini ya LS7 ya lita 7 na nguvu farasi 505, ilipanda hadi mizunguko 7,000 kwa dakika ikiwa na tapeti za haidroliki zenye rola (gurudumu dogo linalobingirika juu ya kamshafti).

"Haidroliki hujaa oili, injini ikakata juu." Hapa kuna nusu ya ukweli. Ndani ya tapeti ya haidroliki kuna pistoni ndogo inayosukumwa na oili ili kusiwe na uwazi wowote. Springi za valvu zikiwa dhaifu, kwenye mizunguko mikubwa valvu inashindwa kuifuata kamshafti. Panatokea uwazi, tapeti inaujaza kama ilivyofundishwa, na valvu haifungi tena sawasawa. Kompresheni inavuja, injini inagoma. Lawama inaipata tapeti, kumbe mara nyingi mkosaji ni springi. Ni kweli kwamba tapeti ngumu huvumilia springi kali zaidi na kamshafti inayofungua valvu kwa haraka, na ukipita mizunguko 7,000 faida yake inaonekana. Lakini ni nani anayefika huko kwenye barabara ya Kasumbalesa, katikati ya malori?

"Digrii 240 ni digrii 240." Digrii hizi ni kiasi krenkshafti inavyozunguka huku kamshafti ikiwa imeinua tapeti. Si kweli kwamba zinalingana. Kamshafti ya tapeti ngumu lazima kwanza imalize uwazi ndipo valvu iguswe. Ukilinganisha digrii zilizopimwa tapeti ikiwa imenyanyuliwa milimita 1.27, mafundi wengi huitolea ile ya tapeti ngumu kama digrii 8 hadi 10 kabla ya kuiweka sawa na ya haidroliki. Usisahau kuutoa huo uwazi kwenye mnyanyuko wa valvu pia. Na usithubutu kuweka tapeti za haidroliki juu ya kamshafti iliyochongwa kwa tapeti ngumu.

"Ikilia ni mbovu, ikinyamaza ni nzima." Hili ndilo linaloua injini nyingi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku ikikaza, tapeti za haidroliki zinaweza kugonga sekunde chache mpaka oili ifike. Zikinyamaza, endelea na safari. Tapeti ngumu ni hadithi nyingine: mlio mwepesi ni haki yake, na kimya ndicho cha kuogopa. Kiti cha valvu kinavyolika, valvu inazama, shina lake linapanda, uwazi unapungua. Valvu ya ekzosi hupoa kwa kukaa juu ya kiti chake. Ikikosa kukaa vizuri, inaungua ukingoni. Kwenye 1HZ ikiwa baridi, uwazi wa valvu ya hewa ni milimita 0.15 hadi 0.25, wa ekzosi 0.35 hadi 0.45. Fila (bamba jembamba la kupimia uwazi) ya kipimo sahihi inapita ikikwaruza kidogo. Ikigoma kuingia, usifurahie utulivu wa injini hiyo.

"Haidroliki haihitaji kuzoezwa taratibu ikiwa mpya." Kinachoamua ni kitako cha tapeti. Kikiwa bapa, iwe ngumu au ya haidroliki, kamshafti mpya inataka oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Injini za kamshafti iliyo ndani ya bloku hazitakiwi kuachwa zikinguruma polepole zinapowashwa mara ya kwanza: shikilia mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 au 30, kwa sababu kamshafti inategemea oili inayorushwa na krenkshafti. Zenye rola hazina masharti hayo.

"Kamshafti kubwa (inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu) itafidia hewa ya mwinuko." Tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kamshafti kubwa huchelewa kufunga valvu ya hewa, kwa hiyo kwenye mizunguko midogo pistoni inarudisha nje sehemu ya hewa ambayo tayari ilikuwa haba. Gari litakuwa zito kuondoka, hata ukilifunga tapeti za aina gani.

Kwa gari la kila siku, mimi ningebaki na haidroliki zenye rola na springi nzuri. Tapeti ngumu ni za mwenye fila na uvumilivu wa kufungua kifuniko mara kwa mara. Akizinunua, asome kadi ya kamshafti, ile karatasi ya vipimo vyake: uwazi ulioandikwa ni wa injini baridi au ya moto? Kwenye V8 ya bloku ya chuma na hedi za aluminiamu, injini ikipata moto uwazi huongezeka kwa takriban milimita 0.15.