Boti yako haijapakwa rangi ya stelthi

Juzi kaja nahodha mmoja bandani kwangu Funguni. Hata kuketi hakuketi, akaniuliza rangi ya stelthi, ile inayosemwa inaficha chombo kisionekane kwenye rada, inakwanguliwa kwa msasa namba ngapi. Boti yake ni ya faiba, kainunua mkononi kwa mtu, ya kijivu. Usiku mmoja kwenye mkondo wa Tumbatu boti kubwa ya abiria ilimpita karibu mno, hata akasikia watu wanazungumza juu ya sitaha. Alipowafuata bandarini kulalamika, wakamwambia kwenye rada hawakuona kitu. Vijana wa mtaani wakamfasiria: kijivu hicho ndicho Wamarekani wanachopaka ndege zao. Basi akawa anataka kuikwangua yote apake nyeupe.

Jioni yake niko Jaws Corner, baraza letu la kahawa Mji Mkongwe, kikombe cha kwanza cha kahawa sijakimaliza, simu ya kijana inapita mkono kwa mkono. F-35, ndege ya kivita ya Wamarekani, inapaa na sauti inasema hakuna rada duniani inayoiona. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akanigeukia: "Si ndiyo hivyo fundi, wanaipaka dawa." Hapana, mzee wangu, sivyo hivyo. Nimelijibu jambo hili barazani, bandarini, msibani na kwenye daladala ya Mkokotoni. Leo naliandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia asome.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza rada za vyombo vya baharini. Ndege ya kivita sijapata kuigusa. Lakini wimbi la rada ni lile lile, likigonga bawa au likigonga mlingoti, na makosa ninayoyasikia ni ya wimbi kabla hayajawa ya ndege.

Chukua sinia kubwa la bati, la pilau. Simama nalo ufukweni jua la asubuhi likiwa limekuelekea, na mwenzako akae mbali kidogo. Ukiligeuza sinia likamwelekea sawasawa, anapigwa na mwanga hadi anafumba macho. Ligeuze kidogo tu, mwanga unaruka pembeni na yeye anaona kitu cha kawaida. Sinia ni lile lile na halijapakwa chochote. Mwanga haukupotea, umekwenda pengine. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya stelthi umeielewa, na rangi hatujaitaja bado.

Rada inatuma wimbi na kusubiri mwangwi. Anayetaka kutoonekana kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha wimbi halirudi lilikotoka. Mhandisi wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, ndiye aliyeandika hesabu za namna mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za vitu, mwaka 1962. Kazi yake ilichapishwa wazi, Wamarekani wakaitafsiri, na wahandisi wa Lockheed, kampuni yao ya kuunda ndege, wakaitumia kuunda ndege yenye ngozi ya vipande bapa vitupu, kila kimoja kimelazwa kuelekea upande ambao rada haipo. Ndiyo F-117, iliyoruka mara ya kwanza 1981 na kufichwa hadi 1988. (Na ile herufi F isiwadanganye. Ndege ile ilibeba mabomu tu, haikuwa na silaha ya kupigana na ndege nyenzake.)

Sasa geuza hesabu hiyo hiyo kichwa chini, unapata riflekta ninazotengeneza, vibati vya kurudisha mwangwi ili boti ionekane. Nakata bati tatu, naziunga zikutane kwa gonia, kila moja imesimama wima juu ya mwenzake kama kona ya chumba, ukuta na ukuta na sakafu. Wimbi likiingia humo kutoka karibu upande wowote linagonga mara moja, la pili, la tatu, kisha linarudi kule kule lilikotoka. Ndiyo maana kitu cha ukubwa wa ndoo, kikitundikwa juu ya mlingoti, kinaweza kuonekana kuliko chombo kizima kilichokibeba. Lakini pembe ikikosewa nyuzi mbili tatu tu, mwangwi unapungua vibaya. Wapo wanaoniona nasumbuka na gonia nusu saa nzima kwa kipande cha bati wakadhani nachelewesha kazi ili niongeze bei. Pembe ile ndiyo kazi yenyewe.

Na ndiyo pembe ambayo waunda ndege za stelthi wanaiogopa. Tazama picha ya F-35 au ya F-22, nayo ni ya stelthi, kwa nyuma: mikia miwili imelala upande, haikusimama wima. Ingesimama wima juu ya bawa ingekuwa riflekta yangu. Njia ya hewa kwenda kwenye injini imepindwa ili rada isione mapanga ya injini yanayozunguka ndani. Kioo cha rubani kina utando mwembamba wa madini, kwa sababu kofia, kiti na vyombo vya ndani vimejaa pembe tupu, afadhali wimbi liishie juu ya kioo. Makombora yamefichwa tumboni. Yakitundikwa nje, kazi yote hiyo imeharibika.

Rangi ipo, ndiyo. Ni tabaka lenye chembe zinazokula sehemu ya wimbi na kuigeuza joto kidogo, na inasaidia pale umbo lilipokwama, kwenye kingo na mianya. Matunzo yake ni adhabu: mafundi wanakwangua, wanaziba, wanapaka, wanasubiri ikauke. Mtu wa pwani haelezwi chumvi inafanya nini kwa ngozi ya chombo. Lakini chukua dumu zima la rangi hiyo upake ndege yenye umbo la kawaida, bado itang'aa kwenye rada.

Nahodha wangu yeye ana tatizo la kinyume kabisa. Faiba wimbi linapenya. Linaingia ubavu huu na kutokea ubavu ule, na kinachorudisha mwangwi ni mashine ya nyuma na nanga, vitu vidogo vilivyo karibu na maji. Ingepakwa nyeupe, ingepakwa nyekundu, mwangwi ni ule ule. Ngalawa za mbao nazo zina shida hiyo hiyo tangu enzi, na hakuna anayesema mwembe una stelthi.

Hapa sasa ndipo ninapokasirika hasa. Watu wanadhani kuna kuonekana na kutoonekana, kama taa kuwaka na kuzimika. Hakuna kitu hicho. Kilichopo ni umbali. Wimbi linadhoofika likienda na linadhoofika likirudi, na hesabu yake inasema umbali wa kuonekana unafuata kipeuo cha nne cha mwangwi. Kwa lugha ya bandarini: punguza mwangwi wa chombo mara 16, umbali wa kukiona umepungua nusu tu. Mara 16, kwa nusu! Ukitaka upungue hadi sehemu moja ya kumi, lazima uupunguze mwangwi mara 10,000. Sasa unaona kwa nini wanahangaika na kila msumari.

Tuseme rada fulani inaiona ndege ya kawaida kwa kilomita 200. Punguza mwangwi mara 10,000, itaiona kwa kilomita 20, ambayo ni kama kutoka Mjini hadi kupita Tunguu kidogo. Ndege iliyo katika mwendo wa chini kidogo ya sauti inakata karibu kilomita 18 kwa dakika. Kwa hiyo yule wa kwenye rada, aliyekuwa na dakika 11 za kuamka, kuuliza, kuamua na kuelekeza kombora, sasa anabaki na dakika moja na sekunde chache. Hiyo ndiyo stelthi. Wanachonunua ni muda. Ndege inaonekana, ila inaonekana wakati ambao hauna tena faida kwako.

Na hata umbali huo unabadilika kwa upande. Kwa mbele mwangwi ni mdogo, kwa ubavuni na tumboni ni mambo mengine. Rubani anapolaza ndege kukata kona, amemgeuzia mtu sinia. Anapofungua mlango wa tumbo kutoa bomu, amefungua kabati lenye pembe tupu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mafunzo yao ni kujua kila rada ya adui iko wapi na leo ninaionyesha upande gani wa mwili wangu, na kupanga njia kwa hesabu hiyo. F-22 na F-35 hazina kiti cha mwalimu. Mwanafunzi anakaa kwenye simuleta, mashine ya ardhini inayoigiza kuruka, hadi mkono uzoee, na siku ya kwanza anayoruka, anaruka peke yake, mwalimu yuko kwenye ndege nyingine ubavuni.

Anajifunza pia kunyamaza. Ukiwasha redio au rada yako mwenyewe, unapiga kelele, na anayesikiliza hahitaji mwangwi wako. Sisi Unguja tulikuwa na kituo cha Wamarekani pale Tunguu mwanzoni mwa miaka ya 1960, cha Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, hadi baada ya Mapinduzi kikafungwa mwaka ule ule wa 1964. Kituo kile kilifuata chombo cha angani kwa kusikiliza sauti na ishara zake chenyewe. Chombo kinachosema kinasikika.

Kuna na urefu wa wimbi. Rada ninazofunga kwenye boti nyingi zina wimbi la sentimita tatu, na rada za kuelekeza makombora nazo kwa kawaida ziko kwenye sentimita. Stelthi imeundwa kwa hizo. Lipate wimbi la mita mbili, likaribiane kwa urefu na mkia wa ndege au vipande vya bawa, hila za umbo zinaanza kulegea, na tabaka la kulila lingekuwa nene hata ndege isiweze kulibeba. Tarehe 27 Machi 1999 kikosi cha Serbia chini ya Zoltán Dani kiliiangusha F-117 karibu na kijiji cha Budjanovci kwa kombora la S-125, silaha ya kizamani ya Kisovieti. Rada ya P-18 ya mawimbi marefu iliwaambia kuna kitu na kiko upande gani. Rada ya kuelekeza kombora wakaiwasha kwa sekunde chache tu, ndege ikiwa imeshafika karibu, na ndege zenyewe zilikuwa zimezoea kupita njia zile zile. Rubani aliruka akaokolewa.

Lakini wale wanaoshangilia kwamba siku ile stelthi ilikufa, nao wananichosha. Wimbi refu linakuambia kuna mtu shambani, halikuambii yuko chini ya mkarafuu upi. Kombora linataka mkarafuu.

Jambo ambalo barazani haliaminiki kabisa, hadi mtu anadhani namzulia: siku za kawaida ndege hizi zinafungwa riflekta kusudi. Kwenye mwili wa F-22 na F-35 kuna vinundu vidogo vinavyobandikwa na kubanduliwa, ndani yake mna tufe la matabaka linaloyakusanya mawimbi nyuma na kuyarudisha yalikotoka, binamu wa kibati changu cha pembe tatu. Waongoza ndege waione, isigongane na ndege ya abiria. Na jirani mwenye rada asipate kupima mwangwi wake halisi, maana siku akiujua ameshajua umbali. Kwa hiyo mtu anayejisifu kuwa rada ya nchi fulani iliiona F-35 ikipita kwa amani, huenda ameona kinundu.

"Mbona Wamarekani wenyewe waliipoteza?" Naam, Septemba 2023, South Carolina, huko huko kwao. Rubani wa F-35B aliruka kwa parachuti, ndege ikaendelea peke yake kama dakika 11, na jeshi likawaomba raia wasaidie kuitafuta. Mabaki yakapatikana siku ya pili. Lakini transponda yake, kifaa cha kuwajibu waongoza ndege, ilikuwa haifanyi kazi, na uongozaji wa ndege siku hizi unategemea sana ndege yenyewe ijibu ikiulizwa. Ndege yoyote isiyojibu, ikiwa chini chini nyuma ya upeo wa rada, inapotea, hata ingekuwa ya kumwagia dawa mashambani.

Mnaponiletea namba za intaneti, kwamba ndege hii mwangwi wake ni kama gololi na ile kama nyuki, mie sizitumii. Kitu chenye nyuso elfu hakina namba moja, na wenye namba za kweli wamezifungia. Nazungumza hivyo kwa sababu hata ngalawa, kitu ninachoweza kukizunguka kwa miguu, inanishinda. Leo asubuhi naiona kwa maili tatu, kesho bahari ile ile, rada ile ile, siioni kwa nusu maili. Wimbi jingine linadunda juu ya maji na kukutana na lile lililokwenda moja kwa moja, yanauana. Nimefunga riflekta kwa vipimo sahihi kabisa, na kusi likichachamaa chombo kikapotea kwenye skrini dakika nzima, kisha kikarudi. Vitabu vinaeleza kwa nini. Lini itatokea, mbele ya boti gani, hakuna kinachosema, na mwenye roho kwenye chombo kile anamtegemea fundi aliyesema kimefungwa vizuri.

Nahodha nimemfungia moja juu ya mlingoti mfupi, mita mbili na nusu kutoka majini, na boti imebaki kijivu vile vile. Kesho alfajiri, kabla jua halijapanda, anaitoa taratibu hadi nje ya Malindi na mie nakaa kwenye skrini nikihesabu atapotea wapi. Yule kijana mwenye simu ya Jaws Corner nimemwita aje. Nimemwambia aombe kwa mama yake sinia la pilau.