Aljebra si jina la mtu

Ukipita Kondele, Kisumu, jioni wanafunzi wakitoka tuisheni, hukosi kusikia mmoja akimlaani "yule mzee Aljebra" aliyetuletea x na y. Mzee huyo hakuwahi kuwepo. Hata Ulaya ya zamani wapo waliodai neno hilo limetokana na Geber, yaani Jabir ibn Hayyan wa kemia. Nao walikosea.

Neno ni la Kiarabu, al-jabr, kurudisha kilichovunjika mahali pake. Limetoka kwenye jina la kitabu alichoandika mwanahisabati al-Khwarizmi huko Baghdad mnamo 820 hivi. (Jina lake yeye ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani hatua za kufuata kutatua tatizo, nadhani ndiko watu wanakochanganyia.) Tazama mfano wake mmoja: x² = 40x − 4x². Upande wa kulia umepunguziwa miraba minne. Irudishe, uiongeze na upande wa kushoto, upate 5x² = 40x, kwa hiyo x ni 8. Kule kurudisha ndiko al-jabr. Na hizo x wala si zake: yeye alieleza kila kitu kwa maneno matupu.

Waarabu waliita hivyohivyo kazi ya kuunga mifupa. Wahispania wakalichukua neno, na kwao algebrista akawa fundi wa kunyoosha mguu uliovunjika. Mafundi wa aina hiyo tunao hadi leo vijijini huku magharibi mwa Kenya, na hakuna anayewauliza thamani ya x.